Namna ya Kuandaa Mafunzo ya Ulezi wa Kitaaluma kwa Wahadhiri Watafiti na Wanafunzi wa Uzamivu

Mhadhiri hufundishwa namna ya kuandika pendekezo la utafiti, namna ya kuomba fedha na namna ya kuchambua takwimu, kisha hukabidhiwa mwanafunzi wa uzamivu kwa miaka mitatu, minne au zaidi pasipo mtu kumwambia neno lolote kuhusu namna ya kumlea. Hapo hufanya analolijua: humlea mwanafunzi wake kama yeye mwenyewe alivyolelewa, au, ikiwa aliumia, hujitahidi kutenda kinyume cha kila alichotendewa. Njia zote mbili humtazama mlezi na historia yake. Hakuna hata moja inayomtazama mwanafunzi aliyeketi mbele yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mratibu, mkuu wa idara au mhadhiri mwandamizi aliyepewa jukumu la kuandaa mafunzo ya kuziba pengo hilo, na unachukulia kwamba ana saa chache, fedha kidogo, na washiriki ambao wengi wao wangependa kuwa maabara au maktaba kuliko kuketi kwenye warsha.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni kwamba ulezi wa kitaaluma ni kazi ya mazungumzo, na kwa hiyo haufundishiki kwa mihadhara. Mtu anaweza kusikiliza kwa saa tatu sifa za mlezi bora, akakubaliana na kila neno, na kesho yake akamrudishia mwanafunzi sura ya tasnifu ikiwa na alama za kuuliza pambizoni na hakuna maelezo. Mafunzo yanayofaa ni yale ambayo washiriki huzungumza, huandika, huigiza na kukosoana, na mwisho wake hutoka na karatasi iliyojazwa ambayo wataitumia wiki inayofuata.

Kusimamia na kulea

Anza kwa kutenganisha maneno haya mawili, maana yakichanganywa mjadala wote hupotea njia. Msimamizi ni cheo kinachotolewa na kanuni za chuo: kuna barua ya uteuzi, kuna ripoti za maendeleo za kutia saini, kuna tarehe za kuwasilisha. Ulezi ni uhusiano, na unaweza kuwepo au kukosekana ndani ya cheo hicho. Mwanafunzi anaweza kusimamiwa na mtu mmoja na kulelewa na mwingine kabisa, tena wakati mwingine na mtu asiye wa idara yake. Kathy Kram, aliyeyachunguza mahusiano haya mahali pa kazi katika miaka ya 1980, aliyagawa majukumu ya mlezi katika makundi mawili: yale yanayomsogeza mtu katika kazi yake, kama kumtambulisha kwa wengine, kumpa kazi zenye changamoto na kumkinga asidhurike, na yale yanayomjenga nafsi, kama kumsikiliza, kumkubali na kuwa kielelezo kwake. Wasimamizi wengi hulikumbuka kundi la kwanza. La pili hulihesabu kuwa hisani, wakati mara nyingi ndilo linaloamua kama mwanafunzi atamweleza msimamizi wake mapema kwamba mambo yameharibika.

Neno mlezi lenyewe lina mtego wake, na ni vyema mwezeshaji autaje waziwazi. Katika matumizi ya kawaida anayelelewa ni mtoto, ilhali mwanafunzi wa uzamivu ni mtu mzima, pengine mwenye familia na ajira, na si ajabu akawa na umri mkubwa kuliko msimamizi wake. Ukiona katika kipindi cha kwanza washiriki wanazungumza kuhusu kumwonya, kumkanya na kumnyoosha mwanafunzi, ujue picha ya mtoto imeshaingia chumbani, na itabidi uitoe kabla ya kuendelea.

Kazi ya kufanya kabla ya kualika mtu

Usianze na ratiba. Anza kwa kukusanya malalamiko. Zungumza na wanafunzi watano au sita waliohitimu karibuni, na ikiwezekana na wawili walioacha masomo katikati, kwa kuwa hawa wa mwisho hujua mambo ambayo waliohitimu wameshayasamehe. Zungumza na wasimamizi wenye wanafunzi wengi na wale wenye wanafunzi waliokwama. Muulize ofisa anayepokea fomu za maendeleo ni wapi faili husimama kwa muda mrefu. Huyo aghalabu hujua hali halisi kuliko ripoti yoyote. Yale utakayoyasikia ndiyo yatakayokuwa mifano ya kujadiliwa darasani, baada ya kubadilisha fani, jinsia na mazingira ili mhusika asitambulike hata na jirani yake wa ofisi.

Pili, pata uungwaji mkono wa juu unaoonekana. Mkuu wa kitivo akifungua mafunzo kwa dakika tano na kuondoka, washiriki huelewa ujumbe huo kikamilifu. Akiketi kama mshiriki, akajaza fomu kama wengine na akakiri kosa moja alilowahi kumfanyia mwanafunzi, kazi yako itakuwa imekwisha kwa nusu.

Tatu, jihadhari na namna ya kuyatangaza. Mafunzo yakieleweka kuwa ni dawa ya wasimamizi wabovu, wabovu hawatakuja na wazuri wataona haya kuonekana hapo. Yatangaze kama sehemu ya kazi ya utafiti, kama yalivyo mafunzo ya maadili ya utafiti au ya usalama wa maabara. Wafadhili nao wameanza kulitazama hivyo. Nchini Marekani, taasisi ya taifa ya kufadhili sayansi, NSF, tangu Mei 2024 inataka ombi la fedha linalohusisha wanafunzi wa uzamili na uzamivu liambatane na mpango wa ulezi wa ukurasa mmoja, sharti ambalo awali liliwahusu watafiti waliokwisha kupata uzamivu tu. Kwa mhadhiri anayetafuta ufadhili, hoja ya namna hii hupenya pale ambapo hoja ya utu imegonga mwamba.

Kupanga vipindi

Jumla ya saa nane inatosha kwa mwanzo, na kipimo hicho hakikutoka hewani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, lililohusisha jozi 283 za walezi na walelewa katika vituo 16, walezi watafiti wa sayansi ya tiba waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipata mafunzo ya saa nane yaliyojengwa juu ya mifano ya kujadili, na wengine hawakupata. Waliofunzwa walijipima kuwa na ujuzi wa ulezi zaidi ya wenzao, na baadhi ya mabadiliko hayo yalionwa na walelewa wao pia. Mtaala uliotumika ulitokana na kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, na muundo wake bado unafaa kuigwa: mifano mifupi, maswali machache, mwezeshaji asiyezungumza sana.

Zigawe saa hizo katika vipindi vinne vya saa mbili, kimoja kila baada ya wiki mbili, wala usivirundike katika siku moja. Sababu ni kwamba mshiriki anahitaji muda wa kwenda kujaribu jambo moja na mwanafunzi wake kisha arudi kueleza lilivyokwenda. Kundi lisizidi watu kumi na watano. Wawezeshaji wawe wawili, na angalau mmoja wao awe mtafiti anayeheshimika kwa kazi zake, kwa kuwa wahadhiri humsikiliza mtu ambaye naye ana tarehe ya mwisho ya makala inayomkimbiza.

Wafunze wasimamizi peke yao na wanafunzi peke yao katika vipindi vitatu vya kwanza, halafu uwakutanishe katika cha nne. Hili nililijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza nilipoandaa mafunzo ya aina hii niliwaketisha wasimamizi na wanafunzi wao katika chumba kimoja tangu asubuhi ya siku ya kwanza, nikidhani uwazi utazaliwa na ukaribu. Nilipouliza ni jambo gani huchelewesha tasnifu, wanafunzi waliinamia madaftari yao, na msimamizi mmoja akajibu kwa niaba ya wote kwamba wanafunzi wa siku hizi hawasomi. Hakuna aliyempinga, na saa iliyobaki ilikuwa ya heshima tupu.

Kipindi cha matarajio

Hiki ndicho kipindi chenye faida kubwa kuliko vyote, na ukilazimika kufupisha mafunzo usikikate. Migogoro mingi kati ya msimamizi na mwanafunzi huanza bila ubaya wa yeyote; kila mmoja anadhani jambo fulani ni kazi ya mwenzake, na hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti. Andaa fomu yenye mambo kumi hadi kumi na tano, na kando ya kila jambo weka namba kuanzia 1 hadi 5, ambapo 1 maana yake ni kazi ya msimamizi kabisa na 5 ni kazi ya mwanafunzi kabisa. Mambo yawe ya kawaida kabisa: nani huchagua mada, nani huitisha kikao, nani huamua kwamba sura imekamilika, nani hutafuta fedha za kwenda kwenye kongamano, nani husahihisha lugha ya tasnifu, nani humkumbusha mwenzake tarehe inapokaribia. Chini yake weka maswali machache ya kujaza kwa namba: barua pepe ijibiwe ndani ya siku ngapi, rasimu isomwe kwa muda gani, wakutane mara ngapi kwa mwezi.

Wasimamizi waijaze katika chumba chao, wanafunzi katika chao, pasipo kuonana. Kisha kila kundi lijadili majibu yake lenyewe kwa lenyewe. Hapo wasimamizi hugundua jambo wasilolitarajia, kwamba wao kwa wao hawakubaliani. Mmoja ameweka 1 kwa kuchagua mada kwa sababu maabara yake inaendeshwa kwa mradi wenye fedha maalumu na mwanafunzi huingia kwenye mada iliyokwisha kupangwa. Mwenzake wa fani ya historia ameweka 5 kwa kuwa kwake mwanafunzi asiyekuja na mada bado hajawa tayari. Wote wako sahihi. Mwanafunzi anayekosea ni yule aliyesikia desturi ya maabara kutoka kwa rafiki yake akaipeleka kwa mwanahistoria.

Fomu hizo zihifadhiwe hadi kipindi cha nne, ambapo kila jozi huziweka mezani pamoja. Waagize waanze na jambo ambalo namba zao zimepishana zaidi, wala wasitafute nani ana haki. Kila mmoja aeleze tu kwa nini aliweka namba aliyoiweka. Niliwahi kuketi karibu na jozi moja ambayo ilipishana kwenye swali la lugha: mwanafunzi aliweka 1, msimamizi 5. Mwanafunzi alieleza kwamba kwa mwaka mzima na zaidi amekuwa akisubiri masahihisho ya lugha, na kwa kuwa hayakuja alidhani msimamizi hasomi rasimu zake. Msimamizi alieleza kwamba aliyaacha makusudi, kwa kuwa alidhani kumsahihishia lugha mtu mzima aliyefikia ngazi hiyo ni kumvunjia heshima. Mazungumzo yale hayakuchukua hata dakika nne.

Kutokana na mazungumzo hayo jozi iandike hati ya makubaliano isiyozidi kurasa mbili, kwa maneno yao wenyewe. Hati hiyo isiwe fomu ya chuo iliyojaa vifungu, maana fomu ya chuo hutiwa saini bila kusomwa. Wazo la kuandikiana si geni: kanuni kumi za masomo ya uzamivu zilizotolewa baada ya mkutano wa Salzburg, Austria, mwaka 2005, zilitaka usimamizi ujengwe juu ya makubaliano ya wazi yanayoonyesha majukumu ya mwanafunzi, ya msimamizi na ya taasisi. Sehemu ya tatu, ya taasisi, husahaulika mara nyingi. Ikiwa chuo ndicho kinachochelewesha vifaa au vibali, hati iseme hivyo, ili mwanafunzi asilaumiwe kwa miezi ambayo haikuwa mikononi mwake.

Kipindi cha mrejesho

Hapa tumia karatasi halisi. Chukua aya moja ya rasimu, iandike upya ili mwenyewe asitambulike, na pambizoni weka maoni kama yanavyoandikwa kila siku: “Fikiria tena.” Wape wasimamizi aya hiyo na uwaulize swali moja tu: mwanafunzi akiipokea Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi atafanya nini? Majibu huja mengi. Ataifuta aya nzima. Atabadilisha nadharia. Ataongeza marejeo sita. Atakaa wiki mbili bila kugusa sura hiyo. Kisha uwaombe waandike upya maoni yale mpaka yabaki na tafsiri moja, na kwa kawaida hufikia kitu kama hiki: “Aya inadai kwamba mbinu hii inafaa kwa makundi yote, lakini jedwali la 3 lina kundi moja tu. Ama upunguze dai, ama uongeze ushahidi. Muundo wa sura ni mzuri, usiuguse.” Maoni hayo ni marefu kuliko yale ya kwanza kwa sekunde arobaini za kuandika, na humwokolea mwanafunzi wiki mbili.

Wafundishe pia mpangilio wa kusoma rasimu. Rasimu ya kwanza isomwe kwa ajili ya hoja, inayofuata kwa ajili ya muundo, na lugha iachwe hadi mwisho. Msimamizi anayesahihisha nukta na herufi kubwa katika aya ambayo baadaye itafutwa amepoteza muda wa watu wawili. Naye mwanafunzi ajifunze kusema, anapotuma kazi, ni rasimu ya aina gani na anaomba isomwe kwa jicho gani. Sentensi mbili juu ya barua pepe zinatosha.

Sehemu ya pili ya kipindi hiki ihusu kupima uelewa. Swali “Umeelewa?” lina jibu moja duniani kote, nalo ni “Ndiyo.” Waswahili husema mficha uchi hazai, na methali hiyo huelekezwa kwa anayeficha, ila katika ofisi ya msimamizi inafaa kuuliza pia ni nini kilimfanya afiche. Badala ya swali lile, msimamizi aulize: “Utaanza na nini?” au “Nieleze kwa maneno yako tumeamua nini leo.” Jibu la maswali haya huonyesha pengo lilipo pasipo kumtia mtu aibu.

Malizia kwa igizo dhima. Wagawe washiriki watatu watatu: mmoja msimamizi, mmoja mwanafunzi, mmoja mtazamaji. Kisa kiwe hiki: mwanafunzi amekosa tarehe tatu mfululizo, na hajasema kwamba data alizokusanya kwa miezi mitano zimeonekana kuwa na kasoro isiyorekebishika. Msimamizi anajua habari za tarehe tu. Wape dakika tano, kisha wabadilishane nafasi. Mtazamaji asitoe hukumu. Kazi yake ni kuandika maneno yaleyale yaliyotamkwa na kuyasoma kwa sauti baadaye, hasa yale yaliyosemwa kabla tu mwanafunzi hajafunguka au kabla hajajifunga. Wasimamizi wanaoigiza nafasi ya mwanafunzi hushangaa jinsi wanavyopata shida kulisema jambo lile, hata katika mchezo, hata kwa mwenzao wa ngazi moja.

Yale ya wanafunzi peke yao

Wanafunzi wasifunzwe kuwa wapokeaji wa ulezi. Wafunzwe kuuendesha. Stadi ya kwanza ni maandalizi ya kikao: siku mbili kabla, mwanafunzi atume nusu ukurasa unaoeleza alichofanya, alipokwama na uamuzi anaouhitaji. Neno uamuzi ni la muhimu, kwa kuwa kikao kisicho na uamuzi wa kufanywa hugeuka kuwa soga au kuwa usaili. Ndani ya siku moja baada ya kikao atume muhtasari wa yaliyokubaliwa, mistari mitano au sita, ukimalizika kwa maneno kama “kama nimeelewa vibaya, naomba unisahihishe.” Muhtasari huo utamlinda siku msimamizi atakaposahau alichokisema mwezi wa pili, na kusahau ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye wanafunzi saba.

Stadi ya pili ni kutoa habari mbaya mapema. Wafanyie mazoezi ya sentensi ya kwanza, kwa sababu ndiyo nzito. Ikishatoka, nyingine hufuata. Mfano: “Profesa, nina tatizo la data ambalo sijalimaliza, na ninaona ni bora ulijue sasa kabla sijaendelea.” Waisome kwa sauti, kila mmoja aibadilishe iendane na namna anavyozungumza na msimamizi wake.

Ya tatu ni kutambua kwamba mlezi mmoja hatoshi. Kila mwanafunzi achore ramani yenye majina: nani wa kumuuliza kuhusu mbinu za utafiti, nani kuhusu uandishi, nani kuhusu ajira baada ya masomo, nani wa kumwendea siku amekata tamaa. Pale penye pengo, aandike jina la mtu mmoja atakayemfuata mwezi huo na ombi dogo atakalompelekea. Ombi liwe dogo kwelikweli. Kumwomba mtu usiyemfahamu awe mlezi wako ni kumtwisha mzigo asioujua ukubwa wake. Kumwomba dakika ishirini kuhusu jambo moja ni rahisi kukubaliwa, na ulezi mwingi mzuri umeanzia hapo. Ramani hiyo iambatane na mpango binafsi wa maendeleo, unaopitiwa angalau mara moja kwa mwaka na unaotaja wazi kwamba ajira ya chuo kikuu ni njia mojawapo tu.

Majina kwenye makala, na kumwachia mwanafunzi

Suala la nani aandikwe kwenye makala, na kwa mpangilio gani, lizungumzwe kabla ya utafiti kuanza. Usiliache liwe mjadala wa hisia. Weka mezani vigezo vinavyotumika. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne ambayo mwandishi anapaswa kuyatimiza yote: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika wazo, usanifu, data au tafsiri yake, awe ameandika au kuipitia kazi kwa uhakiki, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote. Kuwa mkuu wa maabara au mtafuta fedha hakumo. Kwa fani zinazopenda kuonyesha mchango wa kila mmoja, mfumo wa CRediT una majukumu 14, na zoezi zuri ni kila jozi kuchukua makala yake inayofuata na kuyagawa majukumu hayo kwa penseli. Fani za sanaa na sayansi za jamii zina desturi zake. Ziheshimiwe, mradi zisemwe.

Hili linaungana na kujitegemea, mada ambayo wasimamizi huipenda kwa maneno na kuiogopa kwa vitendo. Kram alionyesha kwamba uhusiano wa ulezi hupitia hatua nne: kuanza, kukua, kutengana na kujengeka upya. Kutengana ndiko kunakouma. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeanza kumpinga msimamizi wake kwa hoja huonekana mkaidi, wakati huenda anafanya kile hasa alicholelewa kukifanya. Waulize wasimamizi: ni uamuzi gani ulioufanya wewe mwaka wa kwanza ambao sasa unapaswa kufanywa na mwanafunzi? Waandike mmoja, wenye tarehe.

Mamlaka, siri na njia ya kutokea

Mwezeshaji aseme mwanzoni kabisa kwamba yanayozungumzwa chumbani hayatoki, na aseme hapohapo yale ambayo siri hiyo haiyafuniki: unyanyasaji wa kingono, vitisho, kughushi data. Akiyanyamazia haya atajikuta amebeba siri asiyoweza kuitunza wala kuitoa.

Kila mwanafunzi aondoke akiwa na jina la mtu wa kumwendea nje ya idara yake, na aujue utaratibu wa kubadilisha msimamizi ulivyo katika chuo husika, hatua kwa hatua. Baadhi ya wasimamizi hulalamika kwamba kuufundisha utaratibu huo ni kuwachochea wanafunzi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayeujua mlango ulipo hukaa ndani kwa utulivu zaidi.

Tofauti za asili, lugha, jinsia, ulemavu au hali ya familia zijadiliwe kwa mifano ile mliyoikusanya, si kwa orodha ya tabia za watu wa kundi hili na lile. Kanuni inayosaidia ni fupi: usidhani, uliza. Mwanafunzi ambaye ni wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu huenda hajui kwamba anaruhusiwa kumwandikia mtafiti wa chuo kingine kumwomba makala, na hatauliza kwa kuwa hajui kwamba kuna la kuuliza.

Kupima matokeo

Fomu za kuridhika zinazojazwa dakika ya mwisho hupima chai na ukumbi. Tumia kipimo kilichojaribiwa. Kile cha umahiri wa ulezi kilichochapishwa mwaka 2013 kina stadi 26 katika maeneo sita: mawasiliano, kulinganisha matarajio, kupima uelewa, kukuza kujitegemea, kushughulikia tofauti na kumwendeleza mtu kitaaluma, na kila stadi hupimwa kwa namba 1 hadi 7. Baada ya mafunzo mwombe msimamizi ajipime kwa wakati huo, kisha ajipime alivyokuwa kabla, kwa macho ya sasa. Wengi hujishusha katika kipimo hicho cha pili, kwa sababu hapo awali hawakujua walichokuwa hawakijui.

Muhimu zaidi ni wanafunzi kuulizwa baada ya miezi sita. Angalia tu kwamba msimamizi mwenye wanafunzi wawili atawatambua kwa majibu yao hata kama majina hayakuandikwa. Kwa hiyo kusanya majibu kwa ngazi ya kitivo, na usitoe matokeo ya kundi lenye watu pungufu ya watano. Waulize mambo yanayohesabika: mmekutana mara ngapi, rasimu ya mwisho ilirudi baada ya siku ngapi, hati ya makubaliano imefunguliwa mara ngapi tangu itiwe saini.

Mwezi huo wa sita waite tena wote kwa saa moja, kila jozi ije na hati yake na kalamu. Wakate yaliyoshindikana, waongeze yaliyojitokeza, waandike tarehe mpya. Jozi itakayosema kwamba hati yake haina la kubadilisha, keti nayo wewe mwenyewe kwa dakika kumi, anza na kipengele cha siku za kurudisha rasimu, na umwombe mwanafunzi ndiye ajibu kwanza.